Rangi ya Gari la Chama

Wanachama wenzangu,

Tangu Mkutano Mkuu ulipokwisha haipiti siku ila husimamishwa njiani nikaulizwa: "Katibu, gari litapakwa rangi gani?" Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa hasira, na yuko mmoja aliyekuja ofisini na kopo la rangi ya chungwa alilokwisha kulinunua kwa pesa zake mwenyewe, akitaka Chama kimrudishie gharama. Hatukumrudishia. Sasa Kamati imekwisha kukata shauri, nami nimeagizwa niyaeleze hapa yote tuliyoyapima, ili asiyekuwapo mkutanoni ajue, na aliyesikia nusu apate nusu ya pili. Khabari hii huenda ikawafaa pia wenye magari ya zamani majumbani mwao, kwani najua si machache yaliyolala chini ya miembe.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Land Rover ndefu, ya inchi 109 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ya toleo lililoitwa Series IIA, ambalo lilitengenezwa Solihull, Uingereza, kutoka mwaka 1961 hata 1971. Taa zake mbili kubwa ziko katikati, ubavuni mwa wavu wa rejeta, haziko kwenye madigadi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa hizo zilihamishiwa kwenye madigadi, basi kwa alama hiyo tu mtu aweza kujua kwamba la kwetu ni la kabla ya hapo. Injini imefunguliwa na kufungwa upya, breki zimetengenezwa, na chesisi imekatwa sehemu zilizooza ikaungwa vyuma vipya. Limebaki bati na rangi. Nilidhani hapo ndipo kazi ilipokwisha, kumbe ndipo wanachama walipoanza kugombana.

Kwanza yataka tujue tunapaka juu ya nini. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha karibuni, na Uingereza chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Mwenye kiwanda hakupata akitakacho. Maurice Wilks na ndugu yake Spencer, waliokuwa wakuu katika kampuni ya Rover, wakaufanya mwili wa gari kwa aluminiamu iliyochanganywa na maginisiamu, mchanganyiko ulioitwa Birmabright. Ndiyo kusema boneti na madigadi ya gari letu ni jamaa wa sufuria tunazopikia wali. Lakini chesisi ni chuma, ule ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva ni chuma, na hata milango ndani yake ina mifupa ya chuma iliyovishwa bati la aluminiamu.

Kwa hiyo anayesema kwamba Land Rover haishiki kutu amesema nusu. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu, ni kweli. Lakini inapogusana na chuma, na maji ya chumvi yakaingia katikati, huanza kuliwa, na inayoliwa ni aluminiamu wala si chuma. Hutoa unga mweupe, na ukiugusa kwa kidole bati linamomonyoka kama mkate uliolowa. Nasi katika kisiwa chetu hewa yote ni chumvi, na gari hili limekwisha kuvuka bahari mara nyingi juu ya sitaha likipigwa na rasharasha. Tulipofungua milango tuliukuta unga huo umejaa kiganja. Tangu hapo fundi amekuwa akipaka pande zote mbili, bati na chuma, kabla ya kuzikutanisha, na katikati hutia dawa nzito ya kuzitenganisha. Kazi hiyo haionekani na mtu, lakini mimi naihesabu kuwa bora kuliko rangi yote ya juu.

Jambo la pili ni kwamba aluminiamu haishiki rangi hivi hivi. Ipake rangi ya dukani leo, mwakani itabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Yapasa ioshwe mafuta yote, isuguliwe kwa msasa, kisha ipakwe praima maalumu yenye asidi kidogo, inayouma bati ili rangi ipate pa kushika. Isisuguliwe kwa burashi ya waya wa chuma, kwani chembe za waya hubaki ndani ya bati zikaota kutu chini ya rangi mpya. Baadhi ya wazee wetu walitushauri tuanze na ile rangi nyekundu ya risasi waliyoizoea juu ya vyuma. Juu ya chuma ilifanya kazi yake kweli, lakini juu ya aluminiamu huiharibu. Na fundi mmoja wa majahazi, mtu mwema, alijitolea kutupa bure rangi ile ya chini ya chombo, inayozuia viumbe vya baharini visigande. Tulimshukuru, tukamweleza kwamba mara nyingi ndani yake mna shaba, na shaba na aluminiamu zikikutana penye chumvi ugomvi wake ni mkubwa kuliko ule wa chuma. Alicheka akasema basi ataipaka mashua yake.

Sasa nije kwenye rangi yenyewe.

Siku ya kwanza ya kazi fundi alinionyesha jambo ambalo sikulijua. Alichukua msasa laini, akaulowesha maji, akasugua mahali padogo penye mlango, kiasi cha shilingi, polepole, akizunguka. Alipofuta kwa kitambaa tuliona duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Juu kabisa ilikuwako buluu iliyopauka, ambayo sote tunaijua. Chini yake buluu nyingine iliyokoza. Chini yake kijivu. Chini yake kijani kizito, karibu na weusi. Kisha bati jeupe. Maisha yote ya gari yako pale katika mahali pa kidole gumba. Mwenye gari la zamani na afanye hivi kabla ya kukwangua chochote, ila asugue kwa maji, asisugue kikavu, kwani rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni madhara, khasa kwa watoto. Wa kwetu walikuwa wamejaa mlangoni kutazama, ikabidi kuwafukuza mara tatu.

Ukitaka kujua rangi ya kwanza ilikuwaje hasa, usiiangalie palipopigwa jua. Jua la miaka hamsini hugeuza rangi ikawa nyingine. Tafuta mahali palipofichika: chini ya sanduku la viti, nyuma ya kibao cha namba, ndani ya mlango. Pafute, palowe maji kidogo, kisha pima mchana kivulini, si chini ya taa, kwani rangi mbili zilizofanana chini ya taa huweza kuachana ukizitoa nje. Tulipoinua viti tuliikuta ile rangi ya kijani nzima, yang'aa, kama iliyopakwa jana. Kwao yaitwa Deep Bronze Green, na katika orodha ya rangi ya viwango vya Uingereza, BS 381C, iko inayokaribiana nayo sana, namba 224. Mwenye duka la rangi akipewa namba hiyo ataichanganya.

Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande wa kijani. Nilisema: gari lilizaliwa kijani, na lirudi kijani. Niliagiza kopo dogo, nikapaka kipande cha bao mikono miwili, nikakipeleka Mkutano Mkuu nimekifunga kwa gazeti kama mtu anayepeleka posa. Nilipokifungua vijana walipiga makofi. Nikaanza kueleza namba 224.

Akasimama bibi mmoja wa upande wa Kaskazini, mwanachama tangu mimi sijazaliwa. Maneno yake yameandikwa katika kitabu cha mkutano, nami kwa idhini yake nayaleta hapa. Alisema: "Mwanangu Katibu, kazi umeifanya nzuri. Lakini rangi hiyo naijua. Miaka ile ya magendo gari la rangi hiyo lilikuja kwetu usiku, taa limezizima. Hatukuliona hata limefika mlangoni. Walimpakia mume wangu kwa gunia moja la karafuu, nazo ni za mikarafuu yake mwenyewe. Alirudi, alhamdulillahi. Lakini hakupanda tena mkarafuu mpaka kufa kwake. Nyinyi pakeni mtakavyo, gari ni la wote. Mimi karafuu zangu humo sitazipakia."

Hakutaja gari lile lilikuwa la nani, wala hapana aliyemwuliza. Kijana mmoja, kwa adabu, akasema: "Bibi, rangi haina kosa." Akamjibu: "Hata unyasi hauna kosa, mjukuu wangu." Akakaa.

Wenye umri walifahamu. Wazee wawili watatu walikuwa wakitazama chini. Nalirudisha bao langu ndani ya gazeti, na Mwenyekiti akaliahirisha jambo lile lirudi Kamati.

Wiki ile niliifikiri sana rangi ya kijani. Kwa nini majeshi, na wote wanaopenda kufika bila ya kutazamiwa, waliipenda hivyo? Kwa sababu ni rangi ya kujificha. Penye miti gari la kijani humezwa. Palipokuwa jangwa walifanya vingine: mwaka 1968 jeshi la Uingereza liliagiza Land Rover 72 kwa ajili ya kikosi chake cha SAS, zikapakwa rangi ya waridi, kwani jua linapochomoza na linapokuchwa waridi hupotea katika mchanga. Watu walizicheka, lakini hesabu yake ilikuwa sawa. Rangi huchaguliwa kwa mahali na kwa kazi. Basi nikajiuliza: gari la Chama lina kazi gani ya kujificha? Sisi twataka mwenye karafuu zake juu ya jamvi kando ya njia alione linakuja angali mbali, apate kulivuta jamvi lake. Twataka mtoto atokaye chuoni alione. Twataka aliyekaa barazani amengoja gari la kuchukua magunia aseme, "Lile pale," wala asishituke.

Vijana wa Kamati hawakuridhika upesi, na hoja yao haikuwa ya kitoto. Walisema kwamba ulimwenguni watu wanaorudisha magari ya kale huitazama asili, na gari lililobadilishwa rangi hushuka thamani. Ni kweli kwamba wako wanaoitazama asili kuliko sisi. Gari lile lile lililoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 lilipotea machoni mwa watu kwa miaka mingi, likaja kuonekana limekaa kiwanjani mwa mtu si mbali na Solihull. Mwaka 2018 kampuni ilipotangaza kulitengeneza, ilisema rangi yake ya zamani italindwa pamoja na alama zake zote za uchakavu. Kwa gari la maonyesho hilo ni shauri jema. Lakini liko na jingine. Mwaka 1955 vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London kwa Land Rover mbili, moja buluu iliyokoza na moja buluu hafifu, kwa rangi za vyuo vyao, wakafika Singapore mwaka 1956. Ile iliyoitwa Oxford baadaye ikaishia kisiwa cha St Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, ikakaa huko miaka mingi imeharibika. Ilirudishwa Uingereza ikatengenezwa, na mwaka 2019 ikaendeshwa kutoka Singapore mpaka London. Hilo ndilo linalotuhusu sisi watu wa kisiwani: gari lililokufa kisiwani likatengenezwa ili lifanye safari, si ili litazamwe.

Tena hiyo asili yenyewe tuitafsirije? Land Rover za mwanzo hazikuwa na kijani kizito hata kidogo. Zote zilitoka na kijani hafifu, na husimuliwa kwamba ilikuwa rangi iliyobaki katika viwanda vya ndege baada ya vita. Kijani kizito kilikuja baadaye. Kisha, katika miaka ya toleo letu, kiwanda kikawa na kijivu, na buluu iliyokoza iliyoitwa Marine Blue, na rangi ya mchanga, na nyekundu. Kwa hiyo anayepaka buluu hajatoka katika nyumba ile; amehamia chumba kingine tu.

Hapa niseme neno juu ya rangi ya mchanga, kwani iliungwa mkono na watu wenye nguvu. Mwenye hoteli mmoja alituletea salamu kwamba gari likipakwa mchanga, kama yale ya kwenye picha za mbuga, angelikodi kila Jumamosi kuwatembezea wageni. Bwana Mweka Hazina alipiga hesabu zake kwa penseli, na macho yake yaling'aa. Lakini aliulizwa swali moja: Jumamosi ya msimu, magunia yamo njiani, gari litakuwa wapi? Akaikunja karatasi. Nampa heshima yake, kwani yeye ndiye aliyesema baadaye kwamba pesa za hoteli ni nzuri lakini wageni hawamo katika daftari la wanachama.

Shauri la Kamati ni hili. Mwili wa gari utakuwa buluu iliyokoza, karibu na ile Marine Blue ya kiwandani, ambayo pia ndiyo ile buluu ya pili tuliyoiona chini ya msasa. Paa na magurudumu yatakuwa rangi ya maziwa yaliyochujuka, ambayo kiwanda kiliiita Limestone, yaani jiwe la chokaa, na kwa watu waliokulia katika nyumba za chokaa haina haja ya kuelezwa. Paa jeupe si pambo. Rangi nyeusi hunywa jua na nyeupe hulirudisha, na aliyepata kukaa ndani ya gari lile saa saba mchana mwezi wa Februari anajua ninachosema. Kiwanda kilikuwa hata na paa la nchi za joto, lenye bati la pili juu ya la kwanza na nafasi ya upepo katikati. La kwetu halina, basi na liwe jeupe.

Chini ya viti, ile rangi ya kijani ya kwanza haitaguswa. Itaoshwa tu. Anayetaka kuiona asili ataomba aonyeshwe.

Kabla ya kuandika shauri hili katika kitabu nalikwenda Kaskazini kumwarifu bibi. Alinisikiliza, akaniuliza buluu gani. Nikamwonyesha bao jipya. Akasema: "Hiyo ndiyo iliyompeleka mkwe wangu Chake Chake kujifungua, usiku wa mvua. Taa zake zote ziliwaka." Kisha akaniuliza bei ya mafuta.

Baada ya rangi huja swali la namna ya rangi, na hapa ndipo mafundi wa mjini wanapowadanganya watu. Ziko namna tatu za kuchagua.

Iko ile ya kupulizwa inayokauka upesi kwa kupotea kwa tina, iitwayo seluloz. Ilikuwa rangi ya magari zamani, nayo hupendeza ikisuguliwa. Lakini yataka mikono mingi, na katika hewa yenye unyevu kama yetu hupata ugonjwa: tina inapoondoka kwa haraka hulipoza bati, unyevu ukagandia juu yake, na rangi ikatoka na ukungu mweupe. Aliyepuliza wakati wa masika amejitafutia mwenyewe.

Iko ile ya makopo mawili, rangi na dawa ya kuigandisha. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, haikwaruzwi kwa urahisi wala petroli haiiondoi. Fundi wa mjini alitushauri hiyo, akasema ataipuliza uani mwetu kwa siku moja. Nikamwuliza atavaa nini. Akatoa mfukoni kitambaa. Wanachama, dawa ya kugandisha rangi hizi huwa na kemikali ziitwazo isosianeti. Ukungu wake ukiingia kifuani huweza kumpa mtu pumu isiyomtoka tena, na kitambaa hakiuzuii; hutakiwa kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Kisiwani hatukukiona kifuniko hicho. Kamati haikukaa hata robo saa juu ya jambo hili. Hatutaki gari ling'arishwe kwa mapafu ya mtu.

Iliyobaki ni rangi ya mafuta ya enameli, ambayo hupakika kwa burashi nzuri au kwa rola ndogo ya sponji. Hukauka polepole, haiwi ngumu kama ile, na baada ya miaka kadhaa hupauka kidogo. Lakini gari likikwaruzwa na tawi la mkarafuu, nalo litakwaruzwa, dereva atachukua kopo na burashi akaliziba mwenyewe siku ile ile. Kwa gari la kazi sifa hiyo yanitosha. Itakuwa ya kung'aa. Najua vijana siku hizi hupenda gari lisilong'aa, lililo kama mkaa. Rangi isiyong'aa ina uso wa matundumatundu, hushika vumbi na mafuta, na ukiisugua ili itakate hutoka mabaka. Lipakie magunia mia kisha ulitazame.

Na hapa nina jambo ambalo naona ni letu peke yetu, wala sidhani katibu wa chama kingine chochote atahitaji kuliandika. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupotea maji kama nguo. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani na kugandana. Ndani ya mafuta ya karafuu mna kitu kiitwacho yujinoli, ambacho ndicho kinachotoa ile harufu, na moja katika tabia zake ni kuuzuia mvuto huo. Wachoraji wa Ulaya waijua siri hii: hutia tone la mafuta ya karafuu katika rangi zao ili zisikauke upesi, wapate kuzifanyia kazi siku kadhaa. Sasa mfikirieni fundi wetu, anayepaka gari ndani ya ghala ambalo sakafu yake, kuta zake na hewa yake imejaa vumbi la karafuu na makonyo! Kile kipande cha kwanza tulichokipaka ghalani siku ya nne kilikuwa kingali chanata, na alama za vidole vya Bwana Mweka Hazina zimo mpaka leo. Tulimlaumu mwenye duka kwamba ametuuzia rangi mbovu. Tulikosa, nami nimekwenda kumwomba radhi. Kipande cha pili, kilichooshwa vizuri kwa sabuni na tina na kupakwa nje ya ghala, kilikauka kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo gari litatolewa ghalani. Litapakwa katika banda la makuti lililo wazi pande mbili, lenye turubali upande wa upepo, mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha na msimu wa kuchuma haujaanza. Kazi itaanza asubuhi umande ukishakauka na kukomeshwa alasiri, ili mkono wa rangi usikutwe na umande mbichi. Kila mkono utakauka usiku, usuguliwe kwa msasa laini na maji, kisha uje mwingine. Praima mkono mmoja, rangi ya katikati miwili, buluu miwili au mitatu kama itakavyoonekana.

Viko vitu ambavyo havitapakwa, nami nataja kwa sababu wako watu wenye huruma wanaoona kila kilicho kijivu kimesahauliwa. Bampa la mbele na zile pindo za juu ya mwili wa gari vilichovywa zinki kiwandani. Zinki ndiyo nguo yake. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya zinki bila ya dawa maalumu hubanduka, na ile rangi ya fedha aliyoipaka mtu zamani tumeikwangua siku mbili. Matundu ya kutolea maji chini ya chesisi yasizibwe kwa rangi, kwani chesisi ile huoza kutoka ndani kuja nje. Ndani yake tutamimina nta ya kuzuia kutu. Wala zisipakwe paipu za mpira za breki na mahali pa kutilia grisi.

Nimalizie kwa haja zetu. Twahitaji burashi mbili za nywele laini, za upana wa inchi mbili, zisizopata kutumiwa kwa chokaa. Twahitaji matambara safi ya pamba yasiyotoa nyuzi. Kanga iliyochakaa yafaa sana, lakini isiwe imekwisha kutumiwa kufungia karafuu. Mwenye turubali zima na atuazime kwa mwezi mmoja, litarudi. Vitu vipokewe ofisini na Karani, naye atatoa risiti. Watakaokuja kutazama kazi wanakaribishwa baada ya sala ya Ijumaa, wasimame nje ya kamba, na walio na mikono ya kuchambua karafuu tafadhali wasiliguse gari.

Wenu,
Katibu wa Chama